Rafiki aliyekusitiri bila hata kukwambia, tusimuliane hapa

Kijana wa Manzese:

Wakuu habari za jioni, poleni na foleni na poleni na joto maana leo Dar imetuchemsha kweli.

Nataka tukumbushane marafiki waliowahi kututendea jambo ambalo hatukulitegemea kabisa. Na sisemei mchango wa harusi, ule kadi inatembea na ukichelewa kulipa mwenyekiti wa kamati anakutumia meseji kila asubuhi kama benki. Nasemea yule aliyekusaidia afu akaufunika ule msaada mpaka wewe mwenyewe ukadhani umejisaidia.

Naanza na wa kwangu. Kile kipindi cha vyuma kukaza, nadhani wengi mnakikumbuka, ofisi niliyokuwa nafanya kazi ilipunguza watu na mimi nikawemo. Mke alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, nikashindwa kumwambia. Kwaiyo kila asubuhi naamka saa kumi na moja, napiga pasi shati, natoka Manzese napanda gari ya Posta kama kawaida, nikifika mjini sina pa kwenda nazunguka tu na bahasha ya kaki mkononi, nikichoka nakaa pale Mnazi Mmoja mpaka jioni narudi nyumbani nimechoka kuliko hata nilivyokuwa nachoka kazini. Wanaume tuliopitia hii tunajuana. Pita Mnazi Mmoja saa nne asubuhi utatuona, shati safi, viatu vinang'aa, na mtu hana haraka yoyote.

Sasa kuna jamaa nimesoma nae sekondari, ana stoo ya vyombo Kariakoo upande wa Mchikichi. Huyu kwenye grupu letu la WhatsApp alikuwa anaitwa Mkono wa Birika, mchango wowote ule anatoa buku mbili, na anaitoa baada ya kuuliza bajeti imekaaje na nani anashika hela. Akapita pale akaniona. Nikajua leo nimekwisha, ataniuliza mbona haupo kazini. Hakuuliza. Alichosema ni hivi, "aisee afadhali nimekuona, hivi ofisini kwenu wanaweza kukupa likizo japo wiki mbili? Kuna mzigo umeingia hauelewiki, vijana wangu wananizunguka, nataka mtu wa kuuhesabu ninayemwamini."

Likizo, wakuu! Nikamjibu ngoja nikaongee na bosi. Kesho yake nikaripoti nikamwambia bosi kakubali.

Kazi yenyewe ni makatoni ya bilauri, sahani za udongo, hotpoti, vijiko vya dazeni dazeni. Natoa nahesabu naandika kwenye kauntabuku narudisha, vumbi la yale makatoni nikilikumbuka mpaka leo pua inawasha. Jioni ananipa 15,000 na nauli, ananisainisha kwenye daftari, na nikikosea hesabu anafoka. Yani anafoka haswa! Kuna siku alinifokea mbele ya wateja kisa vifuniko vya hotpoti nikabeba bahasha yangu nikataka kuondoka, wale vijana ndo wakanishika. Zile wiki mbili zikawa miezi, kila nikikaribia kumaliza unaingia mzigo mwingine, mpaka mke akajifungua na mimi nikapata kazi nyingine.

Mwaka jana nimekutana na mmoja wa wale vijana kwenye msiba Temeke, sa hivi ana duka lake mwenyewe. Tunapiga stori akaanza kucheka peke yake, ananiambia braza wewe ulitutesa sana, ule mzigo wote ulikuwa umeshahesabiwa, ukishaondoka bosi anatuambia tuuchanganye upya ili asubuhi uwe na cha kuhesabu.

Nikamfuata jamaa dukani kwake. Kakataa katakata. Anasema hizo habari hazijui, na kwamba vile vifuniko nilivyopoteza bado ananidai.

Haya, wa kwako alikufanyia nini?

Pweza wa Kigamboni:

Kuna watu na viatu aisee.

Ngosha Mjini:

Hiyo ya kukuuliza kama ofisini watakupa likizo ndo imenimaliza. Angeweza kukurushia laki kwenye simu na meseji ya pole yakaisha, ila ungekuwa unamkwepa mpaka kesho, ukimwona kwa mbali unavuka barabara. Huyu kakupa hela na uongo wa kwenda nao nyumbani kwa mke.

Mama Wawili Tandika:

Nimecheka na machozi juu. Mi wangu ni shosti ambaye wakati huo tulikuwa hatuongei. Tulinuniana kisa mchezo, tulikuwa tunacheza watu kumi elfu hamsini hamsini, zamu yangu ilipofika hela ikapelea na mshika hela ni yeye, maneno yakawa mengi mtaa mzima ukajua.

Mimba ya mtoto wa pili ikanisumbua nikafanyiwa operesheni, damu ikahitajika, ndugu wakaambiwa watafute watu waje kuchangia. Mnajua inavyokuwaga, simu zinapigwa, huyu yuko safari, huyu ana presha, mwingine anakwambia shoga ngoja nikutumie ya matunda. Wifi yangu yuko pale nje kakata tamaa anamwona huyo shosti anaingia na dera lake, hajaitwa na mtu yeyote, kasikia tu maneno ya gengeni. Sasa huyu ni mwembamba kama njiti, na sindano anaziogopa toka tuko shule ya msingi, siku ya chanjo alikuwa anatokea dirishani. Na pale wanataka uwe na kilo 50 kwenda juu. Wifi anasema alivyopanda kwenye mzani alifumba macho, mdomo unacheza anasoma dua, mzani ukasoma 51. Akatoa chupa yake moja. Kuinuka, akadondoka. Wakampa soda akakaa pembeni akainywa yote ikaisha, akafuta mdomo, akamwambia wifi "usimwambie kama nimekuja, sijamsamehe." Akaenda zake.

Nilivyotoka hospitali kaninunia vilevile! Nikipita kwake anageuza kiti. Tumekuja kuongea mtoto kashaanza kukaa, na ile hela ya mchezo hatujawahi kuitaja mpaka leo.

Pweza wa Kigamboni:

"Sijamsamehe" hahahaha, huyo dada ana msimamo.

Nesi Mstaafu:

Kwa faida ya wanaosoma, umri ni kuanzia miaka 18 mpaka 65, mwanaume unaweza kurudi kuchangia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Na damu unayotoa haiingii moja kwa moja kwa mgonjwa wako kama wengi wanavyodhani, inapimwa kwanza, ukimwi, homa ya ini, kaswende, ndo inaingia benki ya damu. Nimekaa kwenye kile chumba miaka mingi, ndugu wa damu wengi wanaishia getini wanasema wana malaria. Anayeingia mara nyingi ni mtu wa kazini, jirani, au dereva aliyemleta mgonjwa.

Mtoto wa Mjini 2:

Mnajifariji tu. Rafiki wa Dar ni wa mezani, chupa zikiisha na yeye kaisha. Mimi nilivyofulia aliyekuja kunisaidia alileta unga kilo tano, akasema simama vizuri, akanipiga picha napokea, akaweka status. Wanasema tenda wema nenda zako, huyu alitenda akakaa palepale.

Ngosha Mjini:

Unga ulikula lakini?

Mtoto wa Mjini 2:

Nilikula ningefanyaje. Ila mwezi mzima kila nikisonga ugali naiona ile status.

Dada wa Sinza Kumekucha:

Mimi nitamtetea kidogo huyo wa unga. Kuna watu hawajui kusaidia kimyakimya, hawajafundishwa, kwao wanaona kutangaza ndo kukupa heshima. Kati ya aliyekuja na kamera na unga, na yule aliyekuona kwenye daladala akageukia dirishani, namchukua wa unga. Ila angefuta ile picha baadae, hapo nakubaliana na wewe.

Mtoto wa Mjini 2:

Haikufutwa, ilijifuta yenyewe baada ya saa 24. Mnaliona jambo jepesi kwa sababu picha sio yenu.

Mwalimu wa Jangwani:

Waliokuwepo Dar Desemba 2011 wanaikumbuka ile mvua. Mto Msimbazi ulitufuata ndani Jangwani tukatoka na nguo za mwilini, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha hapa mjini, sisi Mungu akatunusuru. Baadae serikali ikawapeleka wengi Mabwepande kwenye viwanja. Mimi nikajibanza Magomeni kwa rafiki yangu, chumba na sebule, yeye mke na watoto wake watatu halafu na sisi wanne juu yake. Hilo la kutulaza sio nililokuja kusimulia hapa, kipindi kile Magomeni nyumba nyingi zilikuwa zimelaza watu.

Ninalolikumbuka mimi ni vyeti. Maji yalivyopungua nilirudi kuchimbachimba kwenye tope nikaliokota begi la vyeti vyangu, vyote vimeshikana vimekuwa kitu kimoja kama mkate ulioloa. Nikalibwaga uani kwake nikaenda zangu kuhangaikia maturubai. Narudi usiku namkuta jamaa kakaa chini na pasi ya mkaa. Mchana kutwa alikuwa anavibandua kimoja kimoja kwa wembe na kuvianika kivulini, sasa hivi anakilaza cheti katikati ya kanga mbili za mkewe, anapitisha pasi taratiibu, anainua kanga anachungulia, anapuliza, anageuza upande wa pili. Cha kuzaliwa, cha darasa la saba, cha fomu foo, cha ualimu. Mkewe yuko pembeni anamwambia utaniunguzia kanga, yeye hajibu. Na huyu jamaa mwenyewe shule aliishia njiani, hana cheti hata kimoja nyumbani kwake.

Sasa ikaja 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi. Mnaijua ile orodha, watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Mimi naingia pale na cheti kina doa la tope pembeni na alama ya pasi, afisa anakigeuza, anakiinua kwenye mwanga, anakirudisha, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Namba ilikuwa inasomeka vizuri tu. Kikapita, na mpaka leo nafundisha.

Nikampigia jamaa nikamwambia bwana vile vyeti vimeniokoa. Akaniuliza vyeti gani.

Kijana wa Manzese:

Mwalimu shikamoo. Hapo pa kuuliza vyeti gani nimesimama nikatembea kidogo ndani. Kumbe wapo wengine kama wa kwangu, ila wa kwangu nina uhakika anakumbuka sana, anajifanya tu.

Dada wa Sinza Kumekucha:

Sasa mtu asiyekumbuka unamlipaje? Nauliza kweli, maana na mimi ninae wa hivyo.

Mwalimu wa Jangwani:

Marahaba kijana. Mwanae wa mwisho nimemfundisha tuisheni ya hesabu bure mpaka kamaliza fomu foo. Baba yake anajua namfundisha kwa sababu mtoto ana akili.

Bi Mkubwa wa Ilala:

Wanangu nimesomewa huu uzi na mjukuu na yeye ndo anaandika, mkiona makosa ni yake. Nyie mnasema vyuma vilikaza, sisi tuliokuwepo baada ya vita vya Kagera ndo tunajua kukaza. Dukani hamna sukari, hamna sabuni, hamna kanga. Ukisikia mzigo umekuja duka la ushirika unaamka usiku kupanga foleni, na usipoweza kusimama unaweka jiwe lako mahali pako, watu wanaliheshimu. Mimi nilikuwa nimejifungua sina hata sabuni ya kufulia nepi. Shoga yangu, Mungu amrehemu, aliweka mawe mawili. Asubuhi muuzaji anauliza hili jiwe la pili la nani, anasema la mwenzangu kaenda msalani. Foleni ikasogea na jiwe langu akawa analisogeza kwa mguu, wale wa nyuma wanamtukana, mwenzio gani huyo anakaa msalani mpaka saa sita, yeye anasogeza tu. Nikaletewa kilo ya sukari na mche wa sabuni. Mtoto mwenyewe aliyefuliwa nepi ndo baba wa huyu anayeandika.

Ngosha Mjini:

Shikamoo bibi. Mjukuu hongera umeandika vizuri. Jiwe limekaa msalani mpaka saa sita, nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi watu wananiangalia.

Mama Genge Rangi Tatu:

Na mimi niandike. Mama yangu alifariki tukamsafirisha Masasi. Asubuhi ileile simu inapigwa ndo nilikuwa nimetoka Ilala sokoni na matenga mawili ya nyanya na kiroba cha viazi, mtaji wote umelala pale. Nikafunika turubai nikaondoka. Marafiki walikuja wengi Mungu awabariki, waliochanga na waliosindikiza mpaka kijijini. Mmoja tu hakuonekana, hata kwenye daftari la rambirambi hayupo, na huyo ndo nilikuwa nashinda nae kutwa. Shangazi akapata la kusema kule msibani, yule rafiki yako wa kufa na kuzikana leo yuko wapi.

Narudi Mbagala nalikuta genge liko wazi, yeye kakaa kwenye ndoo yangu. Huyu anauza chapati asubuhi, siku zote nilizokuwa msibani hakukanda unga. Akanikabidhi kopo la Blue Band lina hela, na daftari. Nalisoma daftari mwandiko wake ule wa kulalia upande mmoja: "nyanya zilizooza nimetupa, nimemwonyesha mama mwenye nyumba awe shahidi. Nyanya laini nimeuza za rosti, fungu 300. Mama wa nyumba ya kijani kakopa vitunguu vya 1,000. Mgambo kachukua karoti hajalipa nimemwandika." Kurasa na kurasa. Mpaka Ilala alienda mwenyewe kuongeza tenga, kabandika na risiti ya mkokoteni sijui aliipata wapi maana mkokoteni hawatoagi risiti, nadhani alimlazimisha yule kijana aandike.

Nikataka kumpa hata kidogo. Akasema we hela ya kunipa unayo? Halafu akaniambia nyanya zako unauza rahisi, nimepandisha fungu na hakuna aliyelalamika. Hiyo bei mpya ndo ninayouzia mpaka leo.

Nesi Mstaafu:

Kuandika zilizooza na kutafuta shahidi! Huyo apewe ofisi ya serikali.

Mama Genge Rangi Tatu:

Na yule mgambo alilipa karoti mama. Alimfuata.

Mtoto wa Mjini 2:

Wa Mbagala nakubali. Kwa huyo sina neno.

Boda wa Tabata:

Niko kijiweni nausoma huu uzi toka mchana, wateja hamna. Wa kwangu hata sio rafiki kihivyo, ni mwenzangu wa kijiwe tulikuwa tunagombania abiria kila siku mpaka kukunjana mashati. Pikipiki yangu ilikuwa ya mkataba, kama hujui ni hivi, bosi unampelekea hesabu kila siku, mimi ilikuwa 10,000, mkataba ukiisha chombo kinakuwa chako na kadi anakupa. Ukilaza hesabu anakuja kubeba pikipiki yake, na zile zote ulizompa nyuma ndo zimeenda hivyo. Mi nilikuwa nimeshalipa karibu yote nimebakiza kidogo, nikagongwa na gari pale Dampo. Mguu vipande, nikapelekwa MOI, ile hospitali ya mifupa pale Muhimbili, nikawekwa vyuma. Nimelala kitandani simuwazi hata mguu, nawaza pikipiki.

Jamaa aliichukua ile pikipiki akanyoosha uma na kubadilisha taa kwa hela yake. Mchana anafanya kazi na ya kwake, ikifika saa mbili usiku anaipaki anatoka na ya kwangu mpaka saa saba, asubuhi anaenda kuweka hesabu kwa wakala kwa jina langu. Bosi hakujua kama nimevunjika!! Alikuwa anawaambia wenzangu mfano mzuri ni yule dogo wa Tabata, siku hizi hesabu inaingia saa moja asubuhi.

Ngoja nimpeleke huyu abiria Segerea narudi.

Dada wa Sinza Kumekucha:

Sasa hela iliyokuwa inazidi usiku alikuwa anabaki nayo yeye? Maana kama ndo hivyo ni biashara nzuri tu, sio ubaya.

Boda wa Tabata:

Nimerudi. Hapana dada, alikuwa anatoa ya mafuta na ya supu, nyingine anamtumia mama mtoto wangu. Na kadi ya pikipiki ninayo mimi, imeandikwa jina langu. Nilivyopona nikamuuliza nikulipe nini kaka, akasema kila Jumatatu asubuhi uniachie abiria mmoja wa mbali bila kelele. Mpaka leo namwachia. Ila jamaa ni fisadi, anasubiri mpaka aje wa Mbezi Beach.